Huduma ya pedali za piano ya zamani mjini Moshi: fundi asiyeanza na nati

Piano nyingi za zamani zilizo makanisani, shuleni na majumbani, kuanzia Moshi mjini hadi Usa River, zina ugonjwa ambao hauko kwenye waya wala kwenye nyundo. Pedali ya kulia inalia kila ikikanyagwa, au inagonga ikiachiwa, au sauti haikatiki hata mguu ukishaondoka. Mwenye piano huita mtu wa kutyuni, yaani wa kukaza waya hadi noti zilingane. Anatyuni, analipwa, anaondoka, na Jumapili inayofuata kelele iko pale pale, maana kutyuni ni kazi moja na pedali ni kazi nyingine.

Tunachopima hapa ni hiyo kazi ya pili: kufungua, kusafisha na kurekebisha mfumo mzima wa pedali. Huduma hii inatolewa na fundi anayefanya kazi kati ya Arusha na Moshi kwa miadi, na huifuata piano ilipo. Jina tunaliacha, kinachojadiliwa ni kazi. Piano yenyewe ni ya kusimama, ya Kiingereza, ya pedali mbili, na inatumiwa na kwaya mjini Moshi. Malalamiko yalikuwa matatu: pedali ya kulia inalia, ya kushoto inagonga, na noti za besi zinaendelea kuvuma baada ya mguu kuondolewa. Yote matatu yamekwisha. Tunaipendekeza huduma hii kwa moyo wote, ila kuna mambo mawili ambayo mteja anatakiwa kuyadai mapema, nayo tutayafikia.

Kwanza, kilichomo ndani. Ubao wa mbele wa chini, ule unaokabili magoti ya mpigaji, umeshikwa na springi bapa ya chuma iliyofichwa chini ya meza ya vibonye. Ukiisukuma juu kwa kidole, ubao unainama kuja kwako na kutoka bila bisibisi. Chini kabisa kuna kitako, ubao mnene uliobeba pedali na viungo vyake. Kila pedali ina mhimili wake, na kwa nyuma imeunganishwa kwa bolti na nati kwenye leva ndefu ya mbao. Mguu ukishusha pedali, upande wa pili wa leva unapanda na kusukuma fimbo ya mbao iliyosimama wima hadi kwenye mtambo wa nyundo. Fimbo ya kulia inasukuma chuma kirefu kinachoziondoa dampa zote, yaani vizimio vya felti vinavyokata sauti, kwenye waya kwa pamoja. Ya kushoto inasogeza reli ambayo nyundo zinaiegemea, ili zipige kutoka karibu zaidi na sauti iwe ndogo. Springi ya kila leva ndiyo inayorudisha vyote mahali pake. Kwenye piano ya pedali tatu, ya kati mara nyingi hushusha kitambaa cha felti kati ya nyundo na waya kwa ajili ya mazoezi, na kwenye nyingine huinua dampa za besi peke yake.

Kila mahali ambapo chuma kinakutana na mbao, au mbao na mbao, watengenezaji waliweka felti au ngozi katikati, na humo ndimo matatizo mengi yanamoanzia. Felti hubonyea mpaka ikawa nyembamba na ngumu. Ngozi hukauka. Panya hunyofoa felti kwenda kutengenezea viota, na nondo hutaga mayai humo, kisha viwavi wao wanaila. Mwishowe chuma kinagusa mbao tupu, na hapo piano inaanza kusema.

Sehemu bora ya huduma hii ni namna fundi alivyoitafuta kelele kabla hajagusa nati yoyote. Utaratibu wake unafaa kujulikana na kila mwenye piano, kwa kuwa ndio utakaokuonyesha kama uliyemwita anajua kazi. Mbao za mbele zikiwa zimetolewa, alibonyeza pedali ya kulia kwa mkono, polepole, akasikiliza inalilia wapi katika safari yake: mwanzoni, katikati au wakati wa kurudi. Kisha akaiacha pedali, akainua leva yenyewe kwa vidole karibu na chini ya fimbo. Kelele ingetoweka hapo, kosa lingekuwa kati ya mhimili wa pedali na nati. Haikutoweka. Akaitoa fimbo, akasukuma chuma cha dampa kwa kidole kule juu kwenye mtambo: kimya. Kwa hiyo mtambo ulikuwa safi, na kosa lilikuwa kwenye leva, ama mhimili wake ama springi yake. Akaikandamiza springi kwa bisibisi isiguse leva, akaipandisha leva tena: kimya. Jibu limepatikana, na hakuna skrubu hata moja iliyokuwa imefunguliwa.

Leva ilipogeuzwa, ushahidi ulikuwa wazi. Ncha ya springi ilikuwa imechimba mfereji mweusi unaong'aa kwenye mbao, urefu wa kama sentimeta tatu, na pembeni ya mfereji kulikuwa na kipande kidogo cha ngozi kikavu kilichosalia kwenye gundi ya zamani. Ngozi nyingine yote ilikuwa imeliwa na msuguano. Kilio kilikuwa kinatoka hapo, na kingetiwa mafuta mara mia kisiponywe.

Na mafuta yalikuwa yametiwa kweli. Kwenye mhimili wa pedali kulikuwa na uji mweusi wa mafuta na vumbi, kazi ya mtu wa zamani. Hili ndilo kosa linaloharibu piano nyingi huku kwetu: mafuta ya kula, oili ya cherehani, au WD-40 kwa wale wanaodhani ni dawa ya kila kitu. Siku hiyo hiyo kelele hunyamaza. Baadaye mafuta yanapenya kwenye felti na mbao, vumbi linanasa, felti inapoteza uchangamfu wake, na gundi utakayotaka kuitumia baadaye haitashika tena. Vilainishi vya pedali ni vikavu: unga wa Teflon au grafiti. Ukikosa vyote, risasi ya penseli laini iliyosagwa inatosha kwa mahali ambapo ngozi inasuguana na chuma, na mbao kwa mbao unaweza kupaka nta ya mshumaa kidogo. Fundi huyu alikuja na unga wa Teflon kwenye chupa ndogo, akaupaka kwa brashi ya rangi kwenye ngozi mpya tu. Felti iliyokuwa na mafuta hakujaribu kuiosha. Aliikata yote akaitupa, na alifanya sawa.

Kabla ya kutoa chochote alipiga picha kwa simu, akaziandika fimbo kwa penseli: kulia, kushoto, na upande wa juu. Hii si adabu tu. Fimbo hizi mara nyingi hazilingani urefu, na zikibadilishana nafasi, moja itaacha dampa zimeinuka na nyingine haitaigusa reli kabisa. Springi alizitoa mwisho kabisa, uso wake ukiwa mbali, maana springi bapa ya piano ikichomoka inaweza kupasua kidole au kuumiza jicho. Vumbi alilifyonza kwa mashine akiwa ameziba mdomo wa bomba kwa kitambaa chepesi, ili pini au washa ikivutwa ibaki kwenye kitambaa. Chini ya leva zilitoka mavi ya panya, sarafu na pini ya fimbo iliyokuwa imepotea.

Kwenye vifaa, felti zake zilikuwa za sufu, za kiwandani, zilizoagizwa nje kwa ajili ya piano. Ngozi ilikuwa ya hapa hapa. Moshi ni mji wa ngozi, kiwanda cha viatu kipo Karanga na mafundi viatu wamejaa, kwa hiyo kipande laini cha unene wa milimeta 2 hadi 3 si kitu cha kuagiza Ulaya. Kinachotakiwa ni ngozi isiyopakwa rangi nzito, na upande wenye manyoya madogo ndio uelekee kwenye chuma. Felti ndiyo isiyo na mbadala mzuri. Blanketi hubonyea haraka. Mpira wa kandambili ukishabonyea haurudi, na mpira wa tyubu hung'ang'ania chuma na kuleta kilio kipya. Fundi akikuambia atatumia kimojawapo kwa muda, muulize huo muda unaisha lini.

Namna ya kugandisha nayo ina siri yake. Gundi nyeupe ya mbao, tone dogo, ipakwe kwenye mbao na siyo kwenye felti, kisha isubiriwe mpaka ianze kunata. Gundi ikiwa nyingi inapenya hadi juu ya felti na kukauka humo, na felti yenye gundi ndani inagonga sawasawa na mbao tupu. Kwenye kazi hii tuliona kingo zote zikiwa safi.

Pedali ya kushoto ilikuwa na kisa tofauti. Ilikuwa inagonga ikiachiwa, na mtu mwenye haraka angetafuta kosa chini. Kugonga wakati wa kukanyaga mara nyingi ni felti ya kituo cha pedali iliyokwisha, pale inapotua mwisho wa safari. Kugonga wakati wa kuachia ama ni leva inarudi kwenye mbao tupu, ama ni reli ya nyundo kule juu inaangukia vituo vyake. Hapa ilikuwa reli. Vipande vya felti vinavyoipokea vilikuwa vimekuwa vyembamba kama karatasi, na kila pedali ilipoachiwa, reli yote pamoja na uzito wa nyundo ilikuwa inatua kwenye mbao.

Kuvibadilisha kunaonekana rahisi, lakini unene wa felti hiyo ndio unaoamua nyundo zisimame umbali gani kutoka kwenye waya. Kwa piano za kusimama umbali huo kwa kawaida ni milimeta 45 hadi 47. Ukiweka felti nene kuliko inavyotakiwa, nyundo zinakaa mbele, kunatokea nafasi kati ya kibonye na mtambo wake, na mpigaji anahisi vibonye vimelegea na piano haina nguvu. Fundi alipima kwa rula mahali pengi, besi, katikati na juu, kabla na baada. Baada ya felti mpya umbali ulikuwa milimeta 46. Kisha akahakikisha reli inatua kabisa kwenye felti, na kati ya fimbo na reli kuna nafasi ya milimeta moja hadi mbili pedali ikiwa haijaguswa. Pedali ikikanyagwa hadi mwisho, nyundo zinafika karibu nusu ya njia. Hapo vibonye vitahisi kulegea kidogo kwa juu, na hilo ni la kawaida kwa piano nyingi za kusimama. Halihitaji kutengenezwa.

Sasa nati. Noti za besi zilikuwa hazikatiki kwa sababu ya nati ya pedali ya kulia, lakini nati yenyewe haikuwa chanzo. Felti ya leva ilipoisha, pedali ikaanza kuwa na safari tupu ndefu, yaani inashuka bila kusukuma chochote, dampa zikawa hazinyanyuki vizuri, na mtu akaikaza nati kufidia. Felti ikaendelea kuisha, nati ikaendelea kukazwa. Mwishowe ikafika mahali ambapo fimbo ilikuwa imeegemea chuma cha dampa muda wote, na masika yalipokuja, felti zilizobaki zikavimba kwa unyevu, dampa zikanyanyuka kidogo kutoka kwenye waya bila mguu wa mtu. Dampa za besi zikaonyesha kwanza, kwa kuwa waya wa besi una nguvu nyingi na hauzimwi na dampa inayougusa nusu nusu. Ukiweka felti na ngozi mpya bila kuirudisha nati nyuma, unaongeza tatizo. Fundi aliilegeza kabisa kwanza, akapiga besi akasikia zinakatika, ndipo akajua dampa zenyewe ni nzima. Zingeendelea kuvuma na nati imelegea, ugonjwa ungekuwa kwenye felti za dampa au springi zake, na hiyo ni kazi nyingine yenye bei nyingine.

Kisha akaikaza kidogo kidogo, rula ikiwa imesimamishwa sakafuni mbele ya ncha ya pedali. Kipimo kinachotakiwa ni safari tupu ya milimeta 3 hadi 6 kwenye ncha kabla dampa hazijaanza kusogea. Aliiacha kwenye 5. Kwa Moshi tunaona hiyo ni busara: hapa unyevu unapanda kati ya Machi na Mei, na aliyeiacha kwenye 3 wakati wa kiangazi anaweza kujikuta hana nafasi kabisa ifikapo Aprili. Mwisho alimulika dampa kwa tochi huku pedali ikishuka polepole. Zote zinatakiwa kuondoka kwa wakati mmoja. Mbili zilichelewa, akasema wazi kwamba hizo hazirekebishwi na pedali, na hakujaribu kuzificha kwa kuikaza nati zaidi. Hilo pekee linamtofautisha na wengi.

Vipimo vyote viwili, tarehe na unene wa felti aliviandika kwa penseli ndani ya ubao wa chini. Atakayefungua baadaye atajua pa kuanzia.

Mambo mawili ya kulalamikia ni haya. La kwanza ni skrubu. Bano la mhimili wa pedali ya kulia lilikuwa linatikisika kwa sababu matundu mawili ya skrubu kwenye kitako yalikuwa yamepanuka. Fundi alijaza njiti za kiberiti bila gundi, akarudisha skrubu. Leo imekaza, lakini mguu wa mpigaji wa kwaya haubembelezi, na njiti kavu zitasagika. Dawa ya kudumu ni kuchonga kijiti cha mti mgumu, mninga kwa mfano, kukipigilia na gundi ya mbao, kuacha usiku mzima kikauke, kukata sawa na ubao, kutoboa tundu dogo jipya na kurudisha skrubu ile ile. Skrubu ndefu zaidi si suluhisho, inaweza kupasua kitako. Maana yake fundi anahitaji kurudi kesho yake, na mteja alipie safari ya pili. Heri kulijua hilo mapema: mtumie picha ya mabano ya pedali kabla hajaja, na umwombe aanze na matundu jioni, amalizie mengine asubuhi.

La pili ni kung'arisha. Pedali za shaba zilisuguliwa kwa Brasso zikiwa bado mahali pake, na ute wake mweupe ukaingia kwenye felti mpya ya tundu la pedali. Pedali zilikuwa zimetolewa saa chache tu kabla. Wakati wa kuzing'arisha ni zikiwa mezani, zikafutwa zikakauka kabisa, ndipo zirudi. Mwambie hivyo anapozitoa.

Huduma hii ina mipaka. Pedali iliyovunjika fundi haitengenezi mwenyewe, inabidi ipelekwe kwa anayejua kulehemu kwa shaba, na mchomeleaji wa mageti asiiguse kazi hiyo, maana pedali ya chuma cha kusubu hupasuka tena pembeni ya weldi ya kawaida. Pia ukifungua piano yako ukakuta dampa ziko juu ya nyundo, na safu ya waya nyembamba imesimama mbele ya mtambo, mwambie kwenye simu kabla hajaja. Piano za Kiingereza za aina hiyo ni nyingi, dampa zake hazina nguvu hata zikiwa mpya, na kuutoa mtambo wake bila kupinda waya kunachukua muda zaidi. Hakuna pedali itakayozifanya zikate sauti kwa ukali wa piano ya kisasa, na fundi anayekuahidi hivyo hajawahi kuzifungua.

Malipo yanagawanywa sehemu tatu: nauli, kazi, na vifaa kwa kipimo kilichotumika. Bei ya kazi anaitaja baada ya kufungua ubao na kusikiliza, siyo kwenye simu, na tunaona hiyo ni haki kwa pande zote mbili kwa kuwa pedali mbili zinazolia sawa zinaweza kuwa na kazi ya nusu saa au ya siku nzima. Mabaki ya felti alimwachia mteja. Miadi ya Juni na Julai ndiyo inayofaa, unyevu wa masika ukiwa umeshuka, lakini ndiyo inayojaa haraka kwa upande wa Arusha, ambako Chuo cha Makumira kinafundisha muziki hadi ngazi ya shahada na piano zinafanya kazi kila siku. Piga simu Mei, uwe na picha tatu tayari: kitako kizima, mabano ya pedali, na juu ya mtambo mahali fimbo zinapofikia.